Nafasi Iliyobaki Upande wa Pili

Santuri ilifika Tirunelveli wiki saba kabla ya filamu,
nyimbo sita ndani ya jaketi lenye picha ya pikipiki na mwezi.
Mimi, Sudalai, mwenye kibanda cha kurekodi nyuma ya stendi,
nikawa hakimu asiyeulizwa hukumu:
watu waliniletea kaseti tupu na kikaratasi,
na kila kikaratasi kilikuwa na neno lake.

"Wa kwanza mara mbili. Wa tatu usiuweke kabisa,"
aliandika Isakkimuthu, fundi wa betri;
zile fidla, alisema, zinalia kama mkwe aliyenyimwa mahari.
Mwalimu Arunachalam alitaka huohuo wa tatu,
upande mzima, na chini kwa wino mwekundu:
huu ndio muziki, mengine makopo.
Sornam wa duka la halua alitaka zote
ila asiwemo yule mwanamume.
Dada, yumo katika nne.
Basi niwekee hizo mbili, zirudierudie,
na ule wa nne, pale mwanzo anapokohoa,
hapo usikate. Anakohoa vizuri.

Vijana wa chuo walitaka ngoma zipande,
bibi mmoja alitaka zishuke,
na dereva wa lori la chumvi kutoka Thoothukudi
alitaka wimbo wa mvua tu,
maana mvua ya kweli humkatia riziki
na hii ya kwenye spika haiyeyushi mzigo.

Wa sita hakuna aliyeutaja.
Hauna ngoma, hauna kiitikio.
Ni mwanamke, sauti imekwaruzika
kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga,
anahesabu alivyoviacha mumewe:
taa, kandambili moja, deni la mchele,
harufu ya mafuta ya nywele kwenye mto.
Hata jaketi halikumtaja jina.

Lakini utepe hauachwi uchi.
Zikibaki dakika mbili za mchakacho mtupu
mteja hurudi, ananiambia nimempunja.
Basi nikawa naziba na wa sita,
kama muuza karanga aongezavyo konzi ya bure,
na popote utepe ulipokwisha, ukakwisha.
Tak.

Sikujua nimefanya nini mpaka nilipowasikia kwenye chai.
Isakkimuthu akimlaani yule mume:
ameacha taa tu, shetani mkubwa!
Dereva akimtetea: taa, na kandambili, na deni,
mbona mtu wa kawaida?
Mwalimu, aliyedai hasikilizi makopo,
aliuliza kwa sauti ya chini
kama kuna mwingine aliyefika kwenye mto.

Filamu ikaja. Wimbo wa sita haumo.
Pikipiki ilikuwemo, mwezi, arusi, mvua ya mpira wa maji,
na watu wakatoka sinema wamenuna,
wakiuliza yuko wapi mama wa taa.

Ndipo akaja Pechiammal, msokota biri,
kaseti mkononi, utepe umetoka nje kama utumbo wa kuku.
Mashine imeula, akasema.
Yeye ndiye aliyefika mbali kuliko wote,
ng'ambo ya mto na harufu yake,
mpaka "na ufunguo wa",
tak.

Nikasema, mama, santuri ninayo,
safari hii nitakuwekea mzima.
Wala si neno gumu, ni ufunguo wa...
Akainua kiganja, rangi ya tumbaku.
"Nyamaza. Miezi minane nasokota nao huo ufunguo.
Umeshafungua kwangu vitu usivyovijua wewe."
Akahesabu sarafu, akaziweka juu ya spika.
"Rekodi tena. Ukate palepale."

Nikashusha sindano.
Taa. Kandambili. Deni.
Kidole kikakaa juu ya kitufe,
na mimi, niliyekata nyimbo za mji mzima bila kupepesa,
nikaanza kutoka jasho
nisije nikachelewa.