Faini ya Shilingi Mia Mbili

Nilikuwa chini ya mashine ya boti, grisi hadi viwikoni,
gereji ya Igogo, mtoto wa jirani akanisogezea simu sikioni:
"Mzee, si hawa wenzako wa zamani?"

Wenzangu. Orkesta Mawe Matatu.
Miaka thelathini na minne bila santuri, bila kaseti,
bila hata tangazo la msiba,
leo wameibuka na nyimbo tisa. Albamu wameiita Kutu.

Hatukuwa bendi ya kupendwa, niseme ukweli.
Wengine walipiga, watu wakacheza.
Sisi tulipiga, watu wakatazamana.
Gita la Nkwabi lilikuwa kavu kama dagaa wa siku tatu,
wenye mchanga ndani.
Lugembe hakuimba, alisoma: bei ya sukari, majina ya waliokopa,
saa ambazo kivuko cha Kamanga kilichelewa,
na Budodi akigonga ngoma nyuma yake
kama mwenye nyumba tarehe moja.
Kirumba walitutupia vizibo vya bia.
Budodi aliviokota, akavitoboa, akavifunga kwenye ngoma.

Sasa sikia walivyopokewa.
Mtangazaji wa usiku kaupiga wimbo wa kwanza, dakika moja na nusu,
kaukata, katangaza bei ya sangara,
kisha, sijui kilimpata nini, kaurudisha kuanzia mwanzo.
Gazetini mmoja kaandika: "Wazee hawa wamechakaa."
Wiki iliyofuata mwenzake, ukurasa uleule:
"Wamechakaa, na ndiyo raha yenyewe."
Bi Minza, auzaye furu pale Mwaloni:
"Wanapiga kama watu wanaodaiwa
na hawana mpango wa kulipa."
Kwenye uzinduzi walifika watu arobaini na mmoja,
tisa kati yao wakikimbia mvua.
Lakini vijana wa Nyakato wanajua kila neno,
hata kikohozi cha Lugembe katikati ya wimbo wa tatu;
wanakikohoa pamoja naye.

Mimi niliutafuta ubaya, nikaupata.
Wimbo wa pili mrefu bure.
Wa saba wametia kinanda. Kinanda cha nini?

Halafu wa tano.

Wa tano naujua. Niliutunga mimi, chumbani Mabatini,
mwaka wa foleni za sabuni,
na kila usiku, nikifika mzunguko wa nne, kidole kilichelewa,
besi ikajikwaa kama mtu aliyesahau ngazi ya mwisho.
Nkwabi akanipiga faini: mia mbili kila kosa.
Mwisho wa mwezi nikawa mimi ndiye ninayewalipa bendi.
Nililaza gita juu ya meza yenye bia zao, nikatoka.

Anayepiga besi sasa ni Ng'washi, binti wa Budodi.
Naondoka hakuwa hata amezaliwa.
Nikausubiri mzunguko wa nne, spana mkononi.
Akajikwaa.
Palepale. Kiasi kilekile.
Nikarudisha. Akajikwaa tena.
Huyu hakukosea, alifundishwa.
Kuna mtu alikaa naye jioni nzima, akamwambia:
siyo hivyo, chelewa zaidi.

Na hapo, wanasema waandishi wote wawili,
ndipo albamu inapopumua.

Kwenye jalada simo. Nimelisoma mara mbili.
Fundi umeme yumo.

Juzi simu ililia mara moja, mlio mfupi:
umepokea shilingi mia mbili kutoka kwa Nkwabi Shigela.
Hakuna salamu, hakuna neno.
Mia mbili ni kosa moja.
Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya plagi:
kwa mwezi ule tu, bado sitini na saba.

Sijamjibu.
Nitampigia mashine hii ikiwaka.
Navuta kamba. Inakohoa,
inachelewa kidogo,
inashika.