Vitanda vya Herufi

Semng'indo huandika mabango, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
herufi moja mia tano.
Bi Mwanakombo kaja na karatasi ya mwanawe:
BRIGHT NIGHT GUEST HOUSE.

"Hebu nisomee, mgosi."
"Braiti Naiti Gesti Hausi."
Anahesabu kwa vidole, anakunja uso.
"Hino G, na H yake, sikuzisikia.
Tena mara mbili!
Elfu mbili nzima nalipia ububu?"

Kijana wa brashi, mtu wa Kwimba, kachomeka:
"Sisi tunasema Blaiti."
Hakujibiwa.

"Zamani wenyewe walizitamka, mama, huku kooni.
Wakachoka.
Zenyewe zikabaki mle mle katikati ya neno, zimelala."

"Zimelala?"
"Fofofo."
"Kwangu?"

Akafungua fundo la kanga, akatoa elfu moja,
akafunga tena.
"G na H wanalala kitanda kimoja.
Mimi nalipia vitanda."

Ile R, siku ya pili, aliichora yule kijana,
juu ya ngazi, ulimi kaubana menoni:
kinywani haijawahi kumtoka,
mkononi ilitoka na mguu wake mzima.