Jiko la Clifford

Saa kumi na moja alfajiri, Todmorden. Mfereji umeganda,
mashua imeshikwa kama jino kwenye ufizi.
Soksi mbili kila mguu,
nalipigia magoti jiko la Clifford:
mlango umefungwa kwa waya,
kioo kina ufa tangu enzi za mkewe.

"Usilichokoe kwa hasira," alisema akinikabidhi ufunguo,
"litakununia mpaka Machi."

Moto huzaa jivu, tulifundishwa.
Nafukua polepole kwa kijiko cha supu,
na chini kabisa, jivu limemfunika mama yake
usiku kucha, asife.
Jicho moja jekundu.

Natia vipande vitatu vya makaa ya mawe, basi;
gunia lifike Alhamisi.
Birika linanung'unika.
Nje, bata anatembea juu ya maji,
haamini.