Washa ya Shaba

Mashine ililia Majengo, nyuma ya jiko la Mama Aikande,
saa nne asubuhi, mlima umejifunika.
Nilikuwa natafuta koki ya maji, basi,
koki iliyozikwa na watu waliomwaga zege bila kuuliza.
Ombeni akachimba. Udongo ukatoka tepetepe,
kipande cha sufuria, msumari, mfupa wa kuku,
kisha kitu cha duara, cheusi, kimetoboka katikati.

Sijakifuta hata, habari imeshavuka ua:
"Rupia! Wamepata rupia ya Mjerumani!"
Kijana wa pikipiki akazima injini.
Bwana mmoja mwenye koti, sijui alitokea wapi,
akaninong'oneza laki tatu;
nilipokohoa akasema nne.
Mama Aikande akashika kiuno:
uwanja ni wangu, kilichomo ni changu,
na bili ya haya maji yanayovuja
mtamlipisha Mjerumani?

Mchana nikaenda naye hadi Mtaa wa Chagga,
kwa Kundaeli, fundi saa.
"Rupia haina tundu," akasema, hata lenzi hajavaa.
"Hela ya tundu ilikuwapo. Lakini ile ilikuwa nyeupe,
nyeupe ya kijiko."
Akakwaruza ukingo kwa ncha ya sindano.
Wekundu ukachungulia, kama fizi.

Nilisikitika, nisiseme uongo.
Nilitaka iwe hela.
Sina hela, nikopeshe hela, hela imekata:
tangu utotoni nalitafuna neno hilo
na hela yenyewe sijapata kuishika.

Akaiinamisha dirishani, mwanga uipitie kwa ubavu.
Hakuna kitu. Uso mtupu kama sahani.
Akaipumulia, haa, mara moja,
na ukungu ulipokuwa unaondoka
vikabaki kidogo, vikakawia,
vitu viwili vilivyopinda kulizunguka tundu.
"Pembe za ndovu. Umeziona?"
Niliziona. Kisha sikuziona.
Upande wa pili, taji, au kivuli cha taji,
na jina la mfalme limeliwa hadi herufi moja,
ambayo nayo huenda ni kovu.
Rula: milimita thelathini.
"Senti kumi ya Mwingereza," akasema. "Mwaka... moja, tisa,
tatu. Au mbili." Akavua lenzi, akacheka.
"Usiniapishe."

Mama Aikande akauliza inauzwaje.
Kundaeli hakumjibu, alikuwa bado anaigeuzageuza.
"Mikono hailambi hivi," akasema.
"Mikono huanza na palipoinuka, ikamaliza na kingo.
Hii kingo zake nzima. Imeliwa hapa,
pete, sawasawa, jirani na tundu.
Kuna kitu kilikuwa kinaikalia."

Hapo sikuhitaji lenzi.
Miaka kumi na tisa nakaza nati, naijua alama yake.
Fundi fulani, Jumamosi jioni, maduka yamefungwa,
washa imemdondoka majanini,
akaingiza mkono mfukoni,
akaipima senti kwa jicho, tundu likaingia boliti,
akaikaza chini ya mpini wa koki,
akaenda zake bila senti kumi.
Na kila walipofunga maji, kila walipofungua,
nati ilimsaga mfalme kidogo.

Tulirudi. Bwana wa koti hakuwapo.
Ombeni alikuwa amelala juu ya toroli.
Nikapima shubiri mbili kutoka kwenye shimo, nikagonga:
koki ile pale, mpini unacheza kama jino la mtoto.
Washa mpya, shilingi mia mbili, dukani kwa Shayo.
Maji yakanyamaza.

Mama Aikande ameiweka sarafu dirishani, karibu na sabuni.
Mimi nina daftari la kazi, linataka maneno machache:
*Koki imepatikana. Washa ya zamani: senti kumi, shaba.*
Kuna mstari wa mwaka.
Nikaandika moja, nikaandika tisa,
nikainua kalamu.