Mashine Tupu

Mchana nasaga mahindi ya watu, Tandale kwa Mtogole,
debe kwa debe, sembe na dona,
nikirudi nyumbani masikio bado yanavuma.
Kwa hiyo mwanzoni nilidhani ni mashine
imenifuata kitandani.

Saa nane za usiku. Umeme umekatika,
feni imesimama, joto la Machi limetulalia kifuani,
na hapo kando yangu, gizani,
kri, kri, kriii,
kama mtu anayeburuta jiwe juu ya bati.
Nikamgusa bega. "Mwasiti."
Akageuka, akameza mate, kimya.
Nikahesabu hadi thelathini.
Ikaanza tena.

Wanasema meno ya mbwa hayaumani.
Ya mke wangu yaliumana hadi adhana ya alfajiri.

Asubuhi alishika shavu
kama anayesikiliza simu ya mtu asiyesema.
Chapati aliitafuna upande mmoja,
na kila akipiga mwayo taya lilialika, ko.
"Ni sikio," alisema. Tukatia matone.
"Basi ni jino la mwisho." Akasukutua maji ya karafuu.
Shangazi Mwanahamisi akaamua ni minyoo:
mtoto akisaga meno ni minyoo,
sembuse mtu mzima!
Akanywa dawa. Minyoo, kama ilikuwepo, ilikufa.
Meno yakaendelea na zamu yao.

Mwananyamala, chumba cha meno.
Daktari, dada mwembamba aitwaye Nkinda,
alimmulika, akampapasa taya na kipaji,
kisha akanigeukia mimi:
"Wewe ndiye unayelala naye?
Basi wewe ndiye shahidi. Ulisikia nini?"
Nikaigiza. Kri, kri, kriii.
Hata mgonjwa mwenyewe akacheka,
akajishika shavu, akaacha.

Akapewa kioo. Ncha za chonge zilikuwa zimelala bapa
kama nyundo za mashine yangu zikitimiza mwaka.
"Sikio lako zima," daktari alisema. "Hii ni misuli.
Inafanya kazi usiku kucha bila mshahara."
Kitambaa cha maji ya moto, dakika kumi na tano.
Muwa aache, na bisi, na kahawa ya jioni.
Na mchana akijikuta amekaza:
midomo ifungwe, meno yaachane.
Aling'ata udongo wa waridi wenye harufu ya mnanaa,
na baada ya wiki akapewa kifuniko cha plastiki,
kimeng'aa kama kucha, cha kuvalia usingizi.
Bima ilikikataa. Tukalipa kwa awamu.

Halafu, akiandika, bila kuinua kichwa:
"Kuna jambo linakusumbua, mama?"
"Hakuna."
Nikatazama sakafu.

Mimi najua mashine.
Ikiwa na nafaka huimba.
Ukiisahau ikizunguka tupu, chuma hula chuma.

Mwasiti ni mweka hazina wa kikoba.
Laki nne za mota yangu zilitoka kwenye sanduku lile Novemba,
kwa jina lake, kwa ahadi yangu ya miezi miwili.
Kila Jumamosi wenzake wakimuuliza
alisema, wiki ijayo, jamani, wiki ijayo.
Mimi hakuniuliza hata mara moja.
Neno lile alilifungia kinywani mchana kutwa,
na usiku mlinzi akilala,
meno yakaliendea.

Usiku wa kwanza wa plastiki sauti ilififia,
ikawa kama kandambili za mtu anayenyata.
Mimi ndiye niliyekosa usingizi.
Nikasema gizani, nikiangalia dari:
"Jumamosi napeleka laki moja. Naenda mwenyewe,
nitasimama mbele yao."
Akajibu kitu. Kinywa kimejaa, sikuelewa.
Sikumwomba arudie.

Asubuhi alikisuuza bombani, akakielekeza dirishani.
Mikwaruzo miwili tayari, myembamba kama unywele.
"Afadhali hiki kuliko mimi," alisema,
akakitumbukiza kwenye kikombe cha maji,
akamega chapati, akaipeleka, polepole,
upande unaouma.

Bado laki tatu.