Wastani Haujawahi Kuota

Kila Jumatatu ya pili Pu Chaofen hupanda Ailao
na mfuko wa nailoni, kisu, penseli
(kalamu ya wino hugoma kwenye ukungu).
Neti zake zimetandazwa chini ya miti ya majani mapana
isiyovua nguo zote kwa mpigo,
mibichi Januari, mibichi Julai,
majani yanameta kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu.
Anakung'uta, anachambua: jani huku, kijiti huku,
kinyesi cha ndege nacho hukipekua,
humo mna kokwa iliyosafiri bure.

Novemba mialoni hutupa mawe.
Moja lilimpata utosini. Akatukana kwa Kiyi,
akacheka, akalipima: gramu nne nukta mbili.
Jirani yake wa tawi lile lile,
gramu moja na robo.
Mama mmoja, mvua moja;
nani alimegewa, nani alinyimwa?

Rododendroni haimwangushii mtu kitu kichwani.
Mbegu zake ni ugoro: ukipiga chafya umepoteza shamba.
Zimwage mia kwenye mizani, tarakimu hazigutuki.

Mimi nilitumwa kutoka Kunming na kompyuta
kuzigeuza safari zake kuwa jedwali.
Nilitaka wastani. Nikakuta mstari mmoja:
mwaloni, gramu sifuri nukta tatu.
Nikasema, hapa mkono uliteleza. Nikaufuta.

"Huo wastani wako," aliniuliza akimenya kiazi,
"umeuona umeota wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikula kiazi.

Wahenga walisema akiba haiozi;
hawakulala chumba kimoja na gunia la mbegu za mwaloni.
Kufika Aprili fukusi wamekwisha kutoboa,
unga unamwagika kama kwenye karakana ya seremala.
Kubwa huita wageni: panya, kindi, nguruwe mwitu.
Ila kindi ana pupa na hana kumbukumbu,
anafukia kumi, anafukua saba,
na zile tatu zina chakula cha kungojea gizani
mwaka, hata miwili,
jua likipita juu juu kama mgeni asiyeketi.
Ndogo haina masurufu. Inadondoka, inakufa,
inadondoka, inakufa,
mpaka theluji nzito ivunje mti mkongwe
na mwanga umwagike chini kama debe la maji.

Nilidhani nimeelewa: kubwa kwa kivuli, ndogo kwa mwanya.
Chaofen akanipeleka nyuma ya jiko.
Kwenye kopo la tofu alikuwa ameipanda
ile niliyoifuta.
Shina lake uzi, majani mawili,
kila moja ukucha wa mtoto.
Imesimama.
Julai ikanyauka; hakuna aliyeigusa.
Aliandika tarehe, akaumwaga udongo, akaosha kopo.

Nimeurudisha mstari. Jedwali limezidi kuwa baya,
grafu ina mkia mrefu unaonikera.
Jana, kwenye gogo la mti ulioanguka,
juu ya ukoga, niliona kitu kama vumbi la kijani.
Nikapiga magoti, nikabana pumzi,
nisije nikaupeperusha msitu.