Toa Kiasi Upendacho

Duka langu halina mlango. Mhina amelijenga
ndani ya simu, mezani kwangu, Barabara ya Kumi na Mbili,
Ngamiani, umeme ukikatika na kurudi mara tatu.
Vikapu vya mkonge vimepigwa picha juu ya shuka jeupe,
kila kimoja na bei yake, bei haisogei.
Kilibaki kisanduku cha chini kabisa,
cha miwani ya wasukaji wa Pongwe
ambao sindano siku hizi huitia uzi kwa kupapasa.

"Shangazi, tuweke vitufe," akasema. "Elfu mbili, elfu tano, kumi.
Watu hawapendi kufikiri."
Nikamwambia hapana.
Nimechoka na kadi za harusi zenye bei ya kiti,
mmoja hamsini, wawili laki,
na mjomba asiye nayo anakula wali wake nyumbani
akisikiliza muziki kupitia ukuta.
Acha wazi. Andika tu: Toa kiasi upendacho.
Kutoa ni moyo, au wewe hukufundishwa?
"Mashine haina moyo," akanung'unika, ila akaandika.

Wiki ya kwanza ikaingia elfu moja kutoka Chumbageni,
ikaingia sifuri, sifuri, na sifuri nyingine
(sikuwalaumu, angalau walisoma mpaka chini).
Mmoja aliandika 786, nikatabasamu peke yangu.
Mmoja, yuko Maskati, aliandika ishirini
akidhani riali. Zikaja shilingi ishirini,
makato ya mtandao yakazila zote na kudai nyingine.

Kisha Alhamisi: kikapu kikubwa chenye kifuniko,
elfu ishirini na nane,
na kwenye kisanduku, −5,000.
Mashine, kwa utii wake, ikajumlisha.
Nikauza kikapu kwa elfu ishirini na tatu
na kupongezwa kwa maandishi ya kijani.

Mhina alishika kichwa. "Mwizi huyu! Kaona ufa.
Nilisahau kuzuia chini ya sifuri."
Nikapiga namba. Akapokea mwanamke,
nyuma yake sufuria na redio:
Tabu Shekiluwa, wa Makorora.
Hakunielewa. Akamwita mwanawe.
Mtoto, sauti ya darasa la tatu, akanieleza taratibu
kama mtu anayemsaidia mkubwa aliyekwama:
"Mama haoni herufi ndogo, mimi ndiye niliyemsomea.
Pameandikwa toa.
Nikamuuliza, tutoe ngapi? Akasema elfu tano.
Nikaweka alama ya kutoa."
Akanyamaza kidogo.
"Sio hivyo?"

Miaka hamsini nimeishi na lugha hii mdomoni,
nimenunua nayo, nimelia nayo,
na sikuwahi kuona kwamba neno linalofungua mkono
ndilo lile lile la ubaoni, mstari mmoja mfupi
unaokula namba.
Nikasema, "Ni hivyo. Umepata."
Nikamsikia mama akiuliza kwa mbali, zimefika?
Mtoto akamjibu, zimefika.

Jioni Mhina aliziba ufa.
Sasa ukiweka kimstari, kisanduku kinageuka chekundu na kugoma.
Sikumzuia. Duka haliwezi kula hasara kila Alhamisi.
Alitaka abadili na neno pia, aandike changia.
Hapo nilimkatalia.

Kwenye daftari langu la karatasi pengo ni elfu kumi,
tano alizokusudia, tano alizoondoka nazo.
Nimeliziba kwa noti moja ya kwenye mkoba
iliyokuwa ya samaki,
na katika orodha ya waliotoa nimeandika: Tabu Shekiluwa, 5,000.
Tumekula mchicha.

Ipo orodha ya pili, ya watakaopimwa macho.
Yeye si wa Pongwe, wala hajawahi kusuka.
Jina lake nimeliandika mwisho, kwa penseli.
Bado sijamuuliza.